Kusomea famasia: tafuta kadi ya kliniki kabla barua haijafika

SWALEH: Assalamu alaikum wasikilizaji. Tuko Langoni, mjini Amu, kisiwani Lamu, na ukisikia punda akilia katikati ya maneno yetu usizime simu, huyo ni jirani. Mimi ni Swaleh. Mwenzangu ni Bi Zuhura, ambaye mchana mwamkuta nyuma ya kaunta ya duka la dawa.

ZUHURA: Waalaikum salaam. Na usiku mwanikuta hapa, bila mshahara.

SWALEH: Mshahara wako ni kahawa. Bi Zuhura, tangu matokeo ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, yatoke simu yangu haipumui. Kijana amepita kemia, amepita biolojia, ataka famasia. Aanzie wapi?

ZUHURA: Aanzie kwenye sanduku la mamake.

SWALEH: Sanduku gani tena?

ZUHURA: Kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, chenye tarehe za chanjo. Nitalirudia hilo, maana ndilo lililonileta leo. Tuyamalize ya alama kwanza, hayo ni mafupi.

SWALEH: Haya, diploma.

ZUHURA: Diploma ya famasia ni miaka 3. Wastani wa C, na hiyo C uwe nayo pia kwenye kemia, biolojia, na Kiingereza au Kiswahili. Hesabu au fizikia nayo huangaliwa. Maombi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, yanapitia lango la KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo. Anayetaka shahada, wastani usishuke C+, asome miaka 5, kisha mwaka mzima wa kufanya kazi chini ya usimamizi kabla ya leseni. Chuo kikuu cha Nairobi wanafundisha, Kenyatta wanafundisha, JKUAT, kile cha Jomo Kenyatta, wanafundisha. Lakini hiyo C+ ni ya kukufikisha mlangoni tu. Viti ni vichache na wenye A wanavitaka hivyo hivyo.

SWALEH: Na hivi vyuo vya ghorofa moja, vya mabango barabarani?

ZUHURA: Hapo simama kidogo. Famasia nchini kwetu inasimamiwa na Bodi ya Famasia na Sumu, chini ya Sheria Sura ya 244. Bodi ndiyo inayokagua chuo na kukubali kozi, na mwanafunzi mwenyewe huingizwa kwenye daftari la bodi anapoanza masomo. Chuo kisichokubaliwa kitakufundisha, kitakupiga picha na joho, kisha leseni huioni. Orodha ya vyuo iko kwenye tovuti ya bodi. Isome kabla baba hajauza ng'ombe.

SWALEH: Huku kwetu atauza jahazi.

ZUHURA: Na jahazi halirudi. Sasa tuje kwenye afya. Barua ya kujiunga huja na fomu ya daktari. Watu huiona kama karatasi ya kupigwa mhuri: unampelekea daktari wa mtaa, anaandika "mzima", umemaliza. Kwa kozi nyingine huenda ikapita. Kwa famasia mwanafunzi atapelekwa wodini, atazunguka na madaktari, atashika dawa za wagonjwa wa kifua kikuu, atakaa karibu na sindano zilizotumika. Hospitali inayompokea kwa mazoezi ndiyo inayotaka kujua kama amekingwa. Na kinga haipatikani kwa mhuri.

SWALEH: Inapatikana kwa nini?

ZUHURA: Kwa kalenda. Chukua homa ya ini B, hii hepatitisi B inayopita kwa damu. Chanjo ya mtu mzima ni dozi 3: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza. Kisha mwezi mmoja au miwili baadaye unatoa damu kupima kama kingamwili, wale askari wa mwili, zimefika 10 kwa kipimo chao cha maabara. Hebu hesabu na mimi. Matokeo ya KCSE yanatoka Januari. Ukidungwa Januari, ya pili ni Februari, ya tatu ni Julai, damu unapima Agosti. KMTC hupokea wanafunzi Septemba.

SWALEH: Yaani imebana hivyo?

ZUHURA: Imebana hivyo kwa aliyeanza siku ya matokeo! Sasa yule anayengoja barua, ikamfikia Julai, akaja dukani kwangu Agosti ananiambia, "Dada, nidunge zote tatu wiki hii." Nimdunge wapi? Mwili hauna njia ya mkato kama ya boti ya kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara.

SWALEH: Sasa huyo afanyeje? Maana wako wengi.

ZUHURA: Aanze leo, apate karatasi yenye tarehe na mhuri, aende nayo chuoni aseme, "Nimepata ya kwanza, ya pili tarehe fulani." Vyuo vingi vinampokea aliyeanza. Wasiyempenda ni asiye na kitu mkononi.

SWALEH: Na kile kijitabu?

ZUHURA: Watoto wa Kenya wamekuwa wakipata chanjo ya homa ya ini B ndani ya ile sindano ya pamoja ya magonjwa matano, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo kijana wa leo wa miaka 18 huenda alishamaliza dozi zake akiwa bado ananyonya. Kijitabu kikipatikana anapima damu. Kingamwili zikiwa zimeshuka, na hushuka kwa miaka, anapewa dozi moja ya kuziamsha, anapimwa tena. Mara nyingi hiyo yatosha. Kijitabu kikiwa kimeliwa na mchwa, anaonekana hajawahi kuchanjwa, na anaanza upya kwa pesa ya babake, kwa sababu mtu mzima aghalabu hailipiwi na serikali.

SWALEH: Mamangu alivikata vyetu akafunikia mitungi ya achari.

ZUHURA: Wallahi siwezi kukulaumu, ni karatasi ngumu nzuri.

SWALEH: Tuje kwenye kifua kikuu. Kuna binti wa Faza, kule kisiwani Pate, alituandikia. Alikuja hospitali ya hapa mjini Alhamisi, akachomwa kitu kwenye mkono, akaambiwa arudi baada ya siku mbili. Akapanda boti akarudi kwao. Kurudi huku ni Jumatatu, akaambiwa kipimo kimeharibika.

ZUHURA: Kile ni kipimo cha ngozi. Husomwa kati ya saa 48 na saa 72. Ukichelewa hakisomeki tena. Na hausomwi wekundu, unapapaswa uvimbe mgumu na kupimwa upana wake. Watu wa Faza, Kizingitini, Siyu, Pate: njooni Jumatatu au Jumanne, mlale kwa shangazi, msomewe, ndipo mpande boti. Alhamisi mwiko.

SWALEH: Na mtu akivimba?

ZUHURA: Asilie. Sisi sote hapa tulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, tulipozaliwa, angalia kovu kwenye mkono wa kushoto. Chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe bila ugonjwa. Ndiyo maana sehemu nyingine hutumia kipimo cha damu, ambacho BCG haikichanganyi, au wanapiga picha ya kifua. Na hata kipimo cha damu kikisema ndiyo, maana yake vijidudu viliingia mwilini, na aghalabu vimelala tu; kipimo chenyewe hakisemi kama mtu anaugua. Kuugua ni jambo jingine, na dawa za kuwaondoa waliolala zipo.

SWALEH: Nataka niulize lile ambalo watu hunivuta pembeni baada ya sala ya Isha kuuliza. Kijana akipimwa, akakutwa na homa ya ini B. Ndoto imekwisha?

ZUHURA: Haijaisha. Mwaka 2012 CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, walitoa mwongozo kwamba kuwa na virusi hivyo peke yake si sababu ya kumzuia mtu kusomea udaktari wala kazi nyingine za afya. Huyo anahitaji daktari wa kumfuatilia kiwango cha virusi na ini lake. Kaunta ya famasia si chumba cha upasuaji. Ni bora ajue akiwa na miaka 19 kuliko ajue ini limekwisha akiwa na 45. Na ndugu zake nyumbani wapimwe na kuchanjwa.

SWALEH: Na Ukimwi?

ZUHURA: Hapo sheria imesema wazi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe ndipo apate nafasi ya shule au chuo. Fomu ikiuliza, una haki ya kuuliza kwa nini. Mimi mwenyewe nashauri kila mtu ajue hali yake, lakini kushauriwa na kulazimishwa hazikai chumba kimoja. Na mwanafunzi akichomwa na sindano iliyotumika, dawa ya kuzuia ianzwe mara moja, isizidi saa 72. Saa za kwanza ndizo bora. Asifiche kwa kuogopa msimamizi.

SWALEH: Ujumbe mwingine, huu umetoka Malindi. Kijana amepata diploma, amefanya kazi miaka, sasa ataka kwenda kusoma famasia Marekani. Ametumiwa orodha ya chanjo ndefu kama shairi la utenzi.

ZUHURA: Kule shahada yao ya famasia, PharmD, kwa kawaida ni miaka 4, na unaingia ukiwa umeshasoma masomo ya msingi ya chuo kikuu. Ule mtihani wa kuingilia, PCAT, uliondolewa 2024, kwa hiyo anayekuuzia vitabu vyake pale sokoni anakumalizia pesa. Maombi hupitia mfumo mmoja uitwao PharmCAS. Sasa chanjo. Kule mfamasia na mwanafunzi wake hudunga watu chanjo wenyewe, ndiyo maana wakali. Wanataka surua, matumbwitumbwi na rubela, dozi 2. Tetekuwanga, dozi 2 au damu yenye kuonyesha kinga. Pepopunda pamoja na dondakoo na kifaduro, na kuirudia kila miaka 10. Mafua kila mwaka. Homa ya ini B, kifua kikuu.

SWALEH: Sisi tetekuwanga hatujachanjwa. Tulifungiwa ndani tu mpaka ikakauka.

ZUHURA: Ratiba ya serikali yetu haikuwa nayo, wala matumbwitumbwi. Hata surua, dozi ya pili ya miezi 18 iliingia 2013. Kijana aliyezaliwa 2006 kijitabu chake kina surua moja tu. Halafu 2016 kulikuwa na ile kampeni kubwa ya surua na rubela, watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Wengi walichanjwa, karatasi hawana. Ushauri wangu kwa huyu wa Malindi: pima damu kwanza. Ukiwa uliugua tetekuwanga utotoni, damu itasema, umeokoa pesa za sindano mbili. Kinachokosekana ndicho ukitafute kwenye hospitali kubwa za binafsi Mombasa, na upige simu kabla ya kupanda basi, chanjo hizo hazikai rafu kila siku.

SWALEH: Anaweza kudungwa zote siku moja?

ZUHURA: Ya surua na ya tetekuwanga zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Zidungwe siku moja, au ziachane siku 28. Na hizi hai zinaweza kukificha kifua kikuu kwenye kipimo cha ngozi, kwa hiyo kipimo kifanyike siku hiyo hiyo au ungoje wiki 4. Dada zangu, mjamzito hadungwi hizi mbili, na baada ya kudungwa asishike mimba kwa mwezi mmoja. Mwambie muuguzi ukweli hata kama mama mkwe amekaa hapo.

SWALEH: Mtihani huo.

ZUHURA: Mwambie atoke nje. Halafu kule wataka pia uchunguzi wa rekodi za polisi, vipimo vya dawa za kulevya, na cheti cha kumsaidia mtu ambaye moyo umesimama. Hiki cha mwisho hata wa KMTC ningempa, kina faida ufukweni.

SWALEH: La mwisho, Bi Zuhura. Ratiba yako ya Januari mpaka Julai inaweza kupita katikati ya Ramadhani. Mtu amefunga, sindano?

ZUHURA: Wanavyuoni wengi wanasema sindano isiyo ya lishe haifunguzi. Mwenye shaka amuulize shehe wake, na kama moyo wake haujatulia, vituo vingine vina zamu ya jioni. Damu ya kupima ni chupa ndogo, ila usiende na njaa ya jana ukaanguka mbele ya wauguzi, futari na daku ule vizuri. Usiruke dozi tu ukasema nitafanya baada ya Idi, maana baada ya Idi huwa ni Septemba.

SWALEH: Mwenye swali atume kwa sauti, si kwa maandishi, Bi Zuhura hapendi kusoma.

ZUHURA: Nasoma vibandiko vya dawa kutwa nzima, macho yamechoka. Na mkipiga picha fomu zenu mnitumie, ficheni nambari ya kitambulisho kwanza.