Ufunguo wa Stoo Uko kwa Nani?

Ndugu zangu maofisa maendeleo ya jamii, walimu wa michezo na viongozi wa vikundi vya vijana, habari za asubuhi. Kwa nini vijana wanahitaji michezo sielezi, hapa hakuna asiyejua. Nina jambo moja, na wanaonifahamu wameshanisikia nikilisema mpaka wamechoka: kijana hawi kiongozi kwa kukalishwa kwenye kiti cha plastiki siku tatu, akala chakula, akapewa cheti. Anakuwa kiongozi akiachiwa kitu ambacho asipokifanya, kila mtu ataona hakikufanyika.

Niwaeleze nilivyolijua hili. Mwanzoni mwa kazi yangu nilisimamia ligi ya watoto ya kata, timu 8, kila Jumamosi saa mbili asubuhi. Mipira, pampu, koni, vizibao, neti na daftari la matokeo vilikaa stoo, na ufunguo ulikaa mfukoni mwangu. Ratiba napanga mimi, refa namtafuta mimi, wakigombana naamua mimi. Watu walinisifu kwa kujituma. Jumamosi moja mama yangu akazidiwa usiku, nikaondoka alfajiri kumkimbiza hospitali. Nimerudi saa kumi jioni, nakuta watoto kama kumi bado wamekaa kwenye kibaraza cha stoo na jezi zao, kufuli linaning'inia juu ya vichwa vyao. Nikamuuliza kapteni mmoja, kijana wa miaka 15: mbona hamkucheza hata kwa mpira wa makaratasi? Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hatukujua kama inaruhusiwa."

Inaruhusiwa! Watoto wanaoshona mpira wao wenyewe tangu wana miaka 5. Nilikuwa nao miaka mitatu, na kitu walichojifunza kwangu ni kungoja.

Jumatatu nikachongesha funguo mbili. Mmoja nikampa kapteni yule, wa pili nikampa binti aliyekuwa ananisaidia kuandika matokeo. Najua kuna anayenong'ona huko nyuma: mali ya umma hiyo, wangepoteza? Walipoteza. Mwezi wa pili mpira mmoja haukurudi. Nilipofika, nikakuta binti ameshapiga mistari ukurasa wa mwisho wa daftari: jina la anayechukua, idadi, saa ya kurudisha, sahihi. Hakuna aliyemwagiza. Mpira mmoja kwa mafunzo ya namna hiyo ni bei nafuu sana, na mkilinganisha na vifaa vinavyopotea mikononi mwetu watu wazima, tusifike mbali.

Mwingine ataniambia hilo linawezekana kwa timu 8 tu. Basi twendeni Nairobi. Pale Mathare, mwaka 1987, Mkanada Bob Munro na vijana wa mtaa walianzisha chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kwa kifupi MYSA. Ligi yao iliendeshwa na vijana wenyewe kuanzia mtaani, na waliweka kanuni ninayoipenda mno: timu ikishinda mechi inapata pointi 3, ikifanya usafi wa mtaa inapata pointi 6. Fikirini kanuni hiyo inamfanyia nini kapteni. Hawezi kuongoza msimamo kwa miguu ya mfungaji wake peke yake. Lazima awaamshe wenzake Jumamosi, atafute reki na toroli, amshawishi yule mvivu. Huo ndio uongozi, na umo ndani ya jedwali la ligi, hauhitaji semina. Kutoka mazingira hayo hayo ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008.

Sasa msinielewe vibaya. Kumwachia kijana kazi si kumtupia. Jumamosi ya kwanza mnafanya pamoja. Ya pili unasimama pembeni umefunga mdomo, na hapo ndipo wengi wetu tunashindwa. Ya tatu huendi. Kisha mnakaa robo saa mezani: kipi kilikwama, wiki ijayo tunafanyaje. Mliosoma chuo cha maendeleo ya jamii cha Tengeru mnayajua haya kwa majina makubwa zaidi. Nawaomba myafanye uwanjani.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kuhusu wasichana, haraka: ukiita mkutano saa moja jioni umeshawatoa kwenye uongozi kabla ya kura kupigwa. Kuhusu fedha za kikundi, daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi, na lisisomwe na wewe. La wazee wa mtaa naliacha, tutalizungumza wakati wa chai.

Kabla hamjasimama, chukueni karatasi iliyo mbele yenu. Andikeni jina la kijana mmoja atakayeshika ufunguo Jumamosi hii. Jina kamili, msiniandikie "vijana wa kikundi". Nitapita kuzikusanya mlangoni.