Kiti, Saa na Springi: Kupima Nguvu Tunayoijenga kwa Pilates

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Nimekuja na kiti. Hakina mikono, kimo chake ni kama sentimita 43, na nimekiegemeza ukutani kisiteleze. Kazi yangu ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, naifanya zaidi kwa Pilates, mazoezi ya kuutawala mwili yanayofanywa kwenye mikeka na vitanda vya springi, lakini kila mgonjwa wangu mpya anaanzia kwenye kiti cha namna hii.

Kipimo chenyewe ni hiki. Unakaa, unakunja mikono kifuani, nami nashika saa. Kwa sekunde 30 unasimama wima na kukaa tena, mara nyingi uwezavyo. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 asipofikisha mara 12, au mwanamume wa umri huo mara 14, miguu yake iko chini ya wastani wa rika lake, na hatari ya kuanguka inapanda.

Mama mmoja wa miaka 61 alikuja kwangu akiwa amefanya Pilates mwaka mzima, mara mbili kwa wiki, bila kukosa. Akaniambia, "Daktari, siku hizi nina nguvu. Nikimaliza darasa mwili wote unatetemeka." Nikampa kiti. Alisimama mara 9. Kuanzia ya sita kisigino chake cha kushoto kikawa kinanyanyuka na kiwiliwili kinaelemea kulia. Mguu mmoja ulikuwa unafanya kazi ya miwili. Nilipomtajia hesabu, alinyamaza, akaushika mkoba wake kama mtu anayetaka kuondoka. Sijausahau uso ule. Mtu huyu alikuwa amejituma. Hakuna aliyemdanganya, ila katika mwaka mzima hakuna aliyekuwa amehesabu.

Ndiyo maana nasimama mbele yenu leo. Misuli kutetemeka ni dalili kwamba imechoka dakika ile. Hakukwambii kama wiki ijayo utabeba zaidi ya ulichobeba wiki hii, na swali la nguvu ndilo hilo.

Joseph Pilates, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1883, aliyaita mazoezi yake Contrology, yaani elimu ya kuutawala mwili. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Uingereza, amezuiliwa kambini, na baadaye alihamia New York. Jina alilolichagua linatufundisha jambo: alikuwa akiusaka utawala wa mwili, na sisi wa fiziotherapia tuliyapenda mazoezi yake kwa sababu hiyohiyo. Mtu aliyetoka kuumia mgongo anaweza kulala chali, kiungo kikaegemezwa, akaanza kusogea bila hofu. Lakini kuutawala mguu ni jambo moja, na mguu kuwa na nguvu ya kukuinua ni jambo jingine. La kwanza linafungua mlango wa la pili. Tatizo letu ni kukaa mlangoni.

Wiki za mwanzo zinatudanganya kwa urahisi. Mtu anaanza mazoezi, na baada ya wiki tatu tu anafanya kilichomshinda. Nguvu hiyo ni ya kweli, ila sehemu kubwa yake inatoka kwenye mishipa ya fahamu: ubongo umejifunza kuiamsha misuli mingi zaidi kwa wakati mmoja. Msuli wenyewe kunenepa kunachukua wiki nyingi zaidi, na hauongezeki usipoongezewa mzigo. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliandika jinsi alivyowatibu askari walioumia kwa uzito uliopandishwa hatua kwa hatua. Msingi huo haujabadilika tangu hapo. Ukisukuma springi zilezile mwaka mzima, baada ya miezi michache unatunza ulichonacho, hujengi tena.

Sasa naomba mnivumilie kidogo kwenye springi, maana hapa ndipo tunapokosea sana, hata sisi wataalamu. Kitanda cha rifoma kina jukwaa linaloteleza juu ya reli, na springi zinalivuta lirudi. Ukilala chali ukasukuma kwa miguu, kuongeza springi ni kuongeza mzigo. Lakini ukijishika kama ubao, mikono kwenye fremu na miguu juu ya jukwaa, mara nyingi mambo yanageuka: springi zikipungua jukwaa linataka kukimbia, na tumbo na mabega ndiyo yanayolizuia. Kwa hiyo daftari linalosema "springi mbili" bila kutaja zoezi na mkao halisemi kitu.

Kuna jingine. Springi inakuwa nzito kadiri inavyovutika. Ukisukuma kwa miguu ukiwa umelala, mzigo ni mdogo magoti yakiwa yamekunjika, unakuwa mkubwa yanaponyooka. Kuinuka kwenye kiti ni kinyume chake. Pagumu ni pale mwanzo, makalio yanapoachana na kiti, magoti na nyonga vikiwa vimekunjika sana. Mgonjwa wangu yule wa miaka 61 alikuwa na nguvu ya kumalizia msukumo, na hakuwa amewahi kufundishwa kuuanza. Nilipolielewa hilo kwake, nilibadilisha namna ninavyofundisha watu wote.

Tulifanya nini? Hatukuiacha rifoma. Tulisukuma kwa mguu mmoja mmoja, kushoto kwanza, tukiongeza springi. Nikamsimamisha pia: kuinuka kutoka kwenye kiti kirefu, kisha kifupi zaidi, kisha na uzito mikononi. Kila mwisho wa seti nilimuuliza, "Ningekwambia uendelee, ungeweza mara ngapi zaidi?" Akijibu mbili au tatu, mzigo unatosha. Akijibu kumi, naongeza palepale. Swali hilo halihitaji mashine, na nawasihi walimu wote walichukue.

Kuhusu vipimo vingine nitapita haraka. Kupima kwa mkono, yaani mgonjwa anasukuma nami namzuia kwa mkono wangu na kumpa alama 0 hadi 5, kunafaa kwa msuli dhaifu sana, ila kwenye alama za juu hakuoni tofauti: watu wawili wenye 5 wanaweza kutofautiana mno. Ndiyo maana natumia dainamomita ya kushika mkononi, kifaa kinachopima nguvu ya msuli kwa namba, nafunga mkanda isitegemee nguvu zangu mimi, najaribu mara tatu kila upande, mkao uleule. Kwa vigimbi, mtu anasimama kwa mguu mmoja na kuinua kisigino mpaka achoke. Mtu mzima mwenye afya tunamtarajia kama mara 25, na idadi inashuka kadiri umri unavyopanda. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa ligamenti ya goti, yaani ukano unaofunga mifupa ya goti pamoja, wengi wetu tunataka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake kabla ya kurudi uwanjani. Hapo mjihadhari, kwa kuwa mguu usioumia nao hudhoofu mtu akikaa miezi bila kucheza, na asilimia ikapendeza bure.

Niseme na hili waziwazi, kwa kuwa nawaheshimu. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, kuhusu maumivu ya kiuno yaliona Pilates inasaidia kuliko kutofanya chochote au kufanya kidogo sana, lakini hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba inayashinda mazoezi mengine. Sifadhaiki. Shirika la Afya Duniani linatutaka tuimarishe misuli angalau siku 2 kwa wiki, na zoezi ambalo mtu analipenda hadi kulirudia miaka kumi lina thamani kubwa kwangu.

Mama yule tulimpima tena baada ya wiki 12. Kiti kilekile, viatu vilevile, saa ileile ya asubuhi, maana tofauti ya mara moja tu inaweza kutoka kwenye viatu. Alisimama mara 13. Kabla sijamtajia, aliinamisha kichwa kuangalia chini na kuuliza, "Na kisigino?" Kilikuwa kimetulia sakafuni mpaka mwisho.

Kiti hiki hapa, na saa ninayo. Nani aanze?