Msingi, Mlango na Choo: Mhadhara kwa Wajenzi wa Nyumba za Kuishi

Ndugu mafundi, wakandarasi, wachoraji wa ramani, na ninyi mnaosimamia ujenzi wa nyumba zenu wenyewe,

Hapa kwetu Dar es Salaam ni wachache wanaojenga nyumba ikaisha ndani ya mwaka mmoja. Mtu hununua kiwanja, akafyatua tofali, akasimamisha msingi, akapumzika hadi fedha zipatikane, kisha akaendelea na kuta na paa, na pengine akahamia madirisha yakiwa bado yamezibwa kwa mabati. Aliyeanza akiwa na miaka 35 huenda akahamia akiwa na 45, na humo ndimo atakamozeekea. Hata hivyo ramani yake huwa imechorwa kwa kuufikiria mwili aliokuwa nao siku ya kuchimba msingi. Hoja yangu ni kwamba ufikivu wa nyumba, yaani urahisi wa kila mtu, mzee au mwenye ulemavu, kuingia na kuitumia, huamuliwa kwenye ramani na kwenye msingi, ambako gharama yake ni ndogo. Anayesubiri hadi mwenye nyumba apate kiharusi, au hadi bibi aletwe kutoka kijijini, ataulipia kwa kubomoa.

Aliyelitetea wazo hili mapema, na kwa nguvu, ni msanifu majengo wa Marekani, Ronald Mace, aliyeugua polio utotoni na kuanza kutumia kitimwendo. Alikataa kwamba wenye ulemavu wajengewe nyumba za pekee yao. Alitaka nyumba ya kawaida itumiwe na watu wengi kadiri inavyowezekana tangu mwanzo. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa kanuni 7 za usanifu huo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja makazi waziwazi katika Ibara ya 9. Lakini nyumba ya mtu binafsi, tukubali, hujengwa kwa makubaliano ya fundi na mwenye fedha, na ndiyo maana nimekuja kuzungumza nanyi badala ya kwenda kwa wanasheria.

Nianze na msingi, kwa sababu ndio mgumu. Katika maeneo yanayojaa maji tunainua nyumba, na tuna sababu nzuri ya kufanya hivyo. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni kwamba kila sentimita 1 ya kwenda juu ihitaji sentimita 12 za mlalo. Sakafu iliyo juu ya uwanja kwa sentimita 60 inadai basi njia ya mteremko ya mita 7 na sentimita 20, na viwanja vyetu vingi havina urefu huo mbele ya mlango. Fundi asiyepigia hesabu mapema huishia kumwaga zege lenye mwinuko mkali, ambalo mtu wa kitimwendo hawezi kulipanda bila kusukumwa na ambalo mvua ikinyesha humwangusha hata mzima. Dawa yake hutafutwa kabla ya kuchimba: mlango mkuu uwekwe upande ambako ardhi imeinuka, au kifusi cha msingi kitumike kuinua sehemu ya uwanja polepole kutoka getini, au njia ipitishwe sambamba na ukuta wa nyumba, iwe na sehemu bapa ya kupumzikia na mfereji wa kuondoa maji. Mkishindwa na mlango wa mbele, wa jikoni unatosha, mradi usiwe wa kufichia watu.

Kuhusu milango sina maneno mengi. Vitimwendo vingi vya watu wazima vina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mlango wa choo wa futi 2 na nusu, ukishatoa fremu na unene wa ubao uliofunguka, haubakizi nafasi ya kupita bila kuchubua vidole. Acheni uwazi wa sentimita 80 baada ya fremu, kwa milango yote. Tofauti ya bei ni tofali chache, tena zinazopungua.

Chooni ndiko familia hushindwa hasa. Choo cha kuchuchumaa ni adhabu kwa mwenye magoti mabovu, kwa hiyo angalau kimoja kiwe cha kukaa, kiwe chini kama nyumba ni ya ghorofa, na pawe na chumba cha kulala karibu yake. Mlango wake ufunguke kwa nje, kwa kuwa aliyeanguka ndani huuziba kwa mwili wake na waokoaji wakabaki wakigonga. Ukuta wa kando ya choo ujazwe zege kama tofali zina matundu, ili vyuma vya kushikilia vifungwe siku vitakapohitajika; mteja asiyevitaka leo hana sababu ya kuukataa ukuta imara.

Baadhi yenu mmekuja na ramani. Tuzifungue hapa mezani, tuanze na zile ambazo msingi wake haujachimbwa.