Kuchora Njia Isiyofutika: Ubao wa Theluji na Muziki

Mabibi na mabwana, wazee wetu shikamooni, na vijana hamjambo. Nashukuru kwa kualikwa.

Mada ya leo inaweza kuonekana ya ajabu kwa watu waliokulia jua la pwani. Wapo watu wanaofunga ubao mmoja miguuni, wakapanda milima ya theluji, kisha wakashuka kwa kasi mahali ambapo kosa moja ni mauti. Na wapo watu wanaotengeneza muziki. Mimi nasema kinachowasukuma ni kitu kimoja, na nitaanza na mtu aliyekuwa pande zote mbili.

Trevor Andrew ni Mkanada wa Nova Scotia. Aliiwakilisha nchi yake kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi, Nagano mwaka 1998 na Salt Lake City mwaka 2002. Mchezo wake ni ule wa hafupaipu, yaani mfereji mrefu wa theluji ngumu ambamo mchezaji anapanda ukuta mmoja, anaruka juu angani, anazunguka, anatua, anavuka kwenda ukuta wa pili. Baadaye akaumia goti. Wakati anajiuguza akaanza kurekodi muziki nyumbani, akajiita Trouble Andrew, akatoa albamu. Haikuishia hapo. Akashika rangi, akawa anachora nembo ya Gucci kwa mtindo wake mwenyewe, mpaka mwaka 2016 nyumba hiyo ya mitindo ikamwita afanye nayo kazi. Nikimtazama mtu huyu simwoni kama mwanamichezo aliyeacha michezo. Namwona mtu mwenye shauku moja aliyebadilisha chombo tu, kwa sababu goti lilikataa.

Sasa shauku hiyo ni ya nini? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba watu hawa wanapenda hatari. Silikubali. Angalieni jinsi wanavyofanya kazi. Kule Alaska, katika milima ya Chugach iliyo karibu na mji wa Valdez, mtelezaji hakurupuki. Kwanza anausoma mlima akiwa chini. Anaupiga picha, anaikuza, anahesabu: jiwe lile, bonde lile, ukingo ule, hapa nakata kushoto. Anaikariri njia nzima, kwa sababu akishafika juu picha inageuka. Mteremko umesimama kiasi kwamba akiwa kileleni haoni kilichopo mbele yake, anaona ukingo tu, kisha hewa, kisha bonde mbali kule chini. Jiwe alilolitumia kama alama limepotea machoni. Juu ya hayo, theluji laini anayoikata kwa ubao wake inaanza kumfuata nyuma kama mto, kwa hiyo anatakiwa ajue tangu mwanzo ni wapi atajitoa pembeni ili impite. Mpenda hatari asingekaa siku nzima anaangalia picha. Anayefanya hivyo anataka kutunga kitu: anataka mstari wake uwe safi kutoka juu mpaka chini, na uwe wake.

Na mstari huo akishauanza hawezi kuurudia. Hapo ndipo anapokutana na mpiga ala. Mnaoijua taarab ya Unguja mnajua taksimu, yaani kile kipande ambacho mpiga ala mmoja anakibuni papo hapo. Wapiga ala wengine wote wamenyamaza, mpiga udi amebaki peke yake. Anaanza kwenye sauti ya msingi, anapanda kidogo, anarudi, anapanda tena, anagusa sauti ambayo wasikilizaji hawakuitegemea, na sasa ameshajitia mwenyewe katika shida: lazima atafute njia ya kurudi nyumbani bila kuonekana ametafuta. Hakuna karatasi ya kumsaidia. Miaka yake yote ya mazoezi imo vidoleni, lakini usiku huu njia hii ni mpya. Akikosea, kosa limeshasikika. Akipatia, ukumbi unamjibu hapo hapo.

Kuna utafiti ninaoupenda sana kuhusu jambo hili. Charles Limb, daktari mpasuaji wa masikio ambaye mwenyewe anapiga saksafoni, pamoja na Allen Braun, waliwaweka wapiga piano 6 wa jazi ndani ya mashine ya MRI, ile inayoonyesha ubongo ukifanya kazi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Fikirini ugumu wake: mashine ile ni sumaku kubwa, chuma hakiruhusiwi kuingia, kwa hiyo ikabidi kitengenezwe kinanda kidogo maalumu. Mpigaji amelala chali, kinanda kiko mapajani, anakiona kwa kioo. Kwanza anapiga kitu alichokikariri, kisha anaambiwa haya, buni. Walipobuni, sehemu za pembeni za ubongo wa mbele, zile zinazohusishwa na kujichunga na kujikosoa, zilipunguza kazi. Sehemu ya katikati, inayohusishwa na kujieleza nafsi, ikaongeza kazi. Yaani yule askari aliye ndani yetu, anayeuliza kila saa "watu watanionaje?", alipumzishwa.

Hatuwezi kumpandisha mtu mlimani na mashine ile kichwani. Lakini wasikilizeni watelezaji wanavyojieleza: muda unapotea, mawazo yananyamaza, mwili unajua wenyewe. Msomi Mihaly Csikszentmihalyi aliyasikia maneno ya namna hiyo zamani. Kitabu chake cha mwaka 1975 kilitokana na mazungumzo na wapanda miamba, watunzi wa muziki, wacheza sataranji, wacheza dansi na madaktari wapasuaji. Watu wa kazi tofauti kabisa, na bado walikuwa wakieleza hali ileile: kazi ngumu kiasi cha kuhitaji uwezo wako wote, lakini isiyokuzidi, na jibu linakuja papo hapo.

Shaun White, mtelezaji wa hafupaipu wa Marekani, anajulikana zaidi, basi nimtaje. Bingwa wa Olimpiki mwaka 2006, 2010 na 2018, na kati ya ushindi huo alikuwa akipiga gitaa katika bendi ya Bad Things, iliyotoa albamu Januari 2014. Mwezi uliofuata, kwenye Olimpiki ya Sochi, akashika nafasi ya nne. Oktoba 2017, akiwa mazoezini New Zealand, alijaribu kuruka na kuzunguka mara nne, digrii 1440, akapiga uso kwenye ukingo wa ukuta, akashonwa nyuzi 62. Miezi minne baadaye, kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, Ayumu Hirano wa Japani anaongoza kwa alama 95.25, White amebakiza mteremko mmoja. Akaufanya mruko uleule uliompasua uso, tena akiuunganisha na mwingine wa digrii 1440 mfululizo. Majaji wakampa 97.75. Medali ni jambo kubwa, sikatai. Lakini kinachonigusa mimi ni kule kuunganisha. Kila mwanamuziki anajua kwamba sauti mbili nzuri si wimbo. Kazi iko kwenye kutoka moja kwenda nyingine.

Ndiyo maana katika mchezo huu watu wanabishana sana juu ya mtindo. Terje Håkonsen wa Norwei, aliyekuwa bora kuliko wote zama zake, aligoma kwenda Nagano mwaka 1998, mara ya kwanza mchezo huu kuingia Olimpiki, kwa sababu ulikuwa umewekwa chini ya shirikisho la watu wa ski. Aliona wamepewa kuusimamia watu wasiokuwa wake. Craig Kelly wa Marekani, bingwa wa dunia mara nne, aliyaacha mashindano akiwa bado juu ili ateleze milimani ambako hakuna jaji. Mkiwasikiliza wanamuziki wanaokataa kampuni zinazotaka kuwaamulia sauti yao, mtazisikia sababu hizohizo.

Sasa nifike mahali pagumu, maana sitaki kuwapamba watu hawa. Craig Kelly alifariki tarehe 20 Januari 2003, karibu na Revelstoke, Kanada, akiwa anajifunza kazi ya kuongoza watu milimani. Maporomoko ya theluji yaliwaua watu 7. Na Marco Siffredi, kijana wa Chamonix, Ufaransa, alishuka Everest kwa ubao mwezi Mei 2001, akiwa na miaka 22, kwa kupitia korongo la Norton. Wengine wangeridhika. Yeye moyo wake ulikuwa kwenye korongo la Hornbein, lililo wima zaidi. Septemba 2002 akarudi, akafika kileleni, akafunga ubao wake, akaanza kushuka. Hakuonekana tena.

Nimemfikiria sana kijana huyu. Everest alikuwa ameshaishuka. Sifa alikuwa ameshaipata. Alichokuwa anakidai ni njia moja mahususi aliyoiona akilini, na ile nyingine, japo imefika kulekule chini, kwake haikuwa ile. Watunzi mnaelewa. Mnajua maana ya kuufuta wimbo ambao kila mtu ameusifu, kwa sababu sio ule mliousikia kichwani. Tofauti ni bei. Mpiga udi akipotea ndani ya taksimu, kesho kuna onyesho lingine, na pengine kupotea kule ndiko kutakakompa sauti mpya. Mlima hauna huruma hiyo. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikasema Siffredi alifanya vyema kurudi. Nasema namwelewa, na wala sidhani alikuwa anatafuta kufa.

Kwa upande wangu nimemaliza. Mwenye swali anyooshe mkono, na naomba tuanze na wapiga ala waliokaa upande huu, kwa sababu nataka kusikia kama nimeieleza taksimu kama mnavyoijua nyinyi.