Mionzi na vumbi lake: yaliyotokea Goiânia

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi vijana wa vyuma chakavu mliojibanza huko nyuma, sogeeni mbele, habari ya leo ni yenu.

Atomu nyingi viini vyake vimetulia. Vichache havijatulia, na kila kimoja kwa wakati wake hubadilika ghafla, kikatoa mionzi na kuwa kitu kingine. Henri Becquerel aligundua jambo hilo mwaka 1896, kwenye chumvi za urani. Mionzi ya alfa huzuiwa na karatasi, beta na bati la alumini. Gama ndiyo korofi: hupenya mwili, na kuipunguza unahitaji ukuta mnene wa zege au madini ya risasi.

Sasa twende Brazil, mji wa Goiânia, Septemba 1987. Kliniki moja ya mionzi ilikuwa imehama na kuacha mashine ya kutibia saratani kwenye jengo bovu. Watu wawili waliingia, wakang'oa kichwa chake, wakakiuza kwa mnunuzi wa skrepa. Ndani mlikuwa na kidonge cha chuma chenye unga wa seziamu-137, kitu ambacho viini vyake havijatulia, hata gramu 100 haufiki. Gizani ukang'aa rangi ya samawati. Nani asingependa? Ndugu na majirani wakagawiwa, wengine wakajipaka. Mtoto wa miaka sita akala yai kwa mikono yenye unga ule.

Watu wakaanza kutapika na kuharisha. Mke wa mnunuzi ndiye aliyeshtuka, na kwangu mimi ndiye shujaa wa kisa hiki: akahakikisha mabaki ya kile kidonge yametiwa kwenye mfuko na kupelekwa kwa wakaguzi wa afya, tena kwa basi la abiria! Kesho yake mwanafizikia mmoja akaazima kipimo cha mionzi. Kabla hajafika kwa wakaguzi, mshale ukaruka hadi mwisho kila alikokielekeza. Akadhani kimeharibika, akarudi kuchukua kingine. Hicho nacho kikaruka vilevile.

Wakapimwa watu wapatao 112,000, na 249 wakakutwa na seziamu mwilini au nguoni. Wanne walifariki, yule mtoto akiwamo. Siku ya maziko yake watu wakarusha mawe kwa kuogopa mionzi, ijapokuwa jeneza lilikuwa na kuta za risasi.

Hapo ndipo pana mkanganyiko ninaotaka tuuondoe: kupigwa na mionzi si sawa na kubeba kitu kinachoitoa. Ukikaa karibu na jiko la mkaa unapata joto. Ukiondoka, joto limebaki na jiko. Kaa likikuingia mfukoni unatembea nalo. Aliyepigwa eksirei hatoki na mionzi ya kumwambukiza mtu. Aliyepakaa seziamu amebeba kaa: avuliwe nguo, aoshwe. Akiimeza hupewa dawa iitwayo Prussian blue, inayoishika tumboni itoke na choo. Goiânia waliitumia.

Kuhusu muda: kila miaka 30 nusu ya seziamu-137 huwa imekwisha. Ya mwaka 1987 ilibaki nusu mwaka 2017, na mwaka 2047 itabaki robo. Huwezi kuiharakisha kwa moto wala kemikali.

Vijana, mkiletewa chuma kidogo lakini kizito kupita kiasi, au chenye alama ya mapanga matatu kuzunguka kitone, msikate, msigonge. Sogeeni mbali, zuieni watu, pigeni simu Tume ya Nguvu za Atomiki. Ndiyo, hata kama mmeshakilipia.