Makauboi, Magari na Sheria ya 1949

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Leo nawapeleka Ubelgiji, kwenye majarida mawili ya katuni ya kila wiki: Spirou, lililoanza mwaka 1938, na Tintin, lililoanza mwaka 1946.

Ukifungua toleo moja unakuta kichekesho, ukigeuza ukurasa kuna kauboi, ukigeuza tena ni mashindano ya magari. Hadithi nyingi zilipewa ukurasa mmoja au miwili tu, na mwishoni stelingi kaachwa ananing'inia jabalini. Subiri wiki ijayo! Mtoto aliyenunua kwa ajili ya hadithi moja aliishia kuzifuata zote.

Ila mbona kauboi wao mashuhuri ni wa kuchekesha? Spirou mwanzoni lilinunua kurasa za Marekani. Wajerumani walipoivamia Ubelgiji mwaka 1940, kurasa hizo zikakwama, ikabidi mchoraji Jijé aziendeleze kwa mkono wake. Vita vikaisha. Tarehe 16 Julai 1949 Ufaransa ikapitisha sheria ya machapisho ya vijana: marufuku kuupamba ujambazi, wizi, uongo, woga, hata uvivu. Naam, uvivu! Nawaona mnatazamana. Wachapishaji wa Ubelgiji walilihitaji soko la Ufaransa, basi kila bastola ikawa inatazamwa mara mbili.

Sasa njooni kwa Morris, mchoraji Mbelgiji aliyemwanzisha kauboi huyo wa kuchekesha, Lucky Luke, mwaka 1946. Mapema miaka ya 1950 aliwachora ndugu wa Dalton, majambazi wa kweli waliovamia benki mbili za Coffeyville, Kansas, mwaka 1892. Akawamaliza. Hasara gani ile! Maadui wazuri kuliko wote aliokuwa nao, kawazika. Mwaka 1957, akishirikiana na mwandishi René Goscinny, akaleta binamu zao wanne, kuanzia Joe, mfupi mwenye hasira za karibu, hadi Averell, mrefu ambaye akili yake yote iko tumboni. Hawa hawafi. Wanakamatwa, wanafungwa, wanatoroka, tunaanza upya. Kwangu mimi, hapo ndipo Lucky Luke alipokomaa: maiti hairudi wiki ijayo, mfungwa anarudi.

Miaka ikapita, na mwaka 1983 hata sigara ikamtoka Lucky Luke mdomoni, akawekewa unyasi.

Michezo nayo ilikuwa na faida yake: hatari ipo, bastola haihitajiki. Mwaka uleule wa 1957 mchoraji Jean Graton alimleta dereva Michel Vaillant katika Tintin. Miaka miwili tu nyuma, kwenye mbio za magari za Le Mans, Ufaransa, gari lilirukia watazamaji na watu zaidi ya 80 wakafa, kwa hiyo wasomaji hawakuhitaji kuambiwa kwamba mbio zinaua. Graton aliutandaza mngurumo wa injini kwa herufi kubwa katikati ya picha, na magari aliyachora kwa uangalifu wa fundi. Nyuso za watu, kusema kweli, hazikubahatika hivyo.

Naona mzee pale nyuma ameshanyoosha mkono. Karibu, mzee wangu, tuanze maswali na wewe.