Simu Arobaini Kabla ya Saa Sita

Marahaba, wanangu, ingawa hiyo shikamoo inanizeesha. Mimi bado nakatwa deni la Bodi ya Mikopo.

Mmeniita niwaeleze ile kazi ya kwanza ya mauzo. Tangazo linasema "afisa maendeleo ya biashara". Ukifika unapewa kiti, simu na orodha ya majina. Huuzi wewe. Anayeuza yuko meza ya pili. Wewe unamtafuta mwenye shida, unajua kama ana uwezo wa kulipa na kauli ya kuamua, kisha unamwekea miadi.

Nilianza na programu ya hesabu za duka, nikiwapigia wafanyabiashara wa Kariakoo. Nilifungua hivi: "Napiga kuhusu mauzo yako na risiti unazotoa." Simu ikakatwa. Ya pili ikakatwa. Ya tatu, mzee mmoja akanijibu kwamba mwenye duka amesafiri, na sauti ni yake! Wiki nzima ikapita ndipo nikaelewa: tangu mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, zije mwaka 2010, mgeni akitaja risiti, mwenye duka anasikia TRA, watu wa kodi. Nikaanza kuuliza jana walimaliza kufunga hesabu saa ngapi. Hapo watu wanaongea. Mama mmoja alinisimulia daftari lililolowa, kijana wa dukani, na shemeji anayebeba vitenge kwa mkopo. Nilinyamaza dakika kumi na mbili. Huyo alinunua.

Zile orodha za namba zinazouzwa kienyeji ziacheni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na hata bila sheria, nusu ya namba zenyewe hazipatikani.

Sasa la aibu. Mwezi wangu wa tatu tageti ilikuwa miadi ishirini, nami ninayo kumi na moja. Nikajaza miadi hewa, kama wale wafanyakazi hewa mnaowajua. "Mzee, kubali tu aje, hutoi hata senti." Ubaoni nikawa wa kwanza, komisheni nikala. Mwenzangu wa kuuza akawa anapoteza nauli na siku zake. Duka hili limefungwa, lile mwenyewe hakumbuki kitu. Hakunisemea kwa bosi. Siku moja alinivuta tu kwenye daladala, twende wote.

Tulishuka Msimbazi, tukasimama juani mbele ya duka dakika arobaini. Mzee akatoka, akanitazama juu hadi chini, akauliza, "Wewe ndiye ile sauti?"